Nusu ya Habari

Zalifa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga mashoga zako, na bibi yako Koko amejilaza baada ya kula. Nyumba imetulia. Nimeona nikuandikie sasa, kwa sababu ukirudi utaanza kukunja nguo na kucheka, na mimi nikifungua mdomo nitaishia kusema habari za chandarua na dawa ya tumbo. Hayo unayajua. Umeyasikia tangu unajua kusikia.

Nakuandikia Kiswahili. Sokoni wewe ni Msakalava kama wenzako, kazini utakuwa na Kifaransa chako kinachokishinda changu, na Koko bado anatugombeza kwa Kingazija. Lakini Kiswahili hapa Nosy Be ya Madagaska tumekuwa nacho mimi na wewe tu, jikoni, na kitandani ulipokuwa mdogo. Niliyoshindwa kuyasema kwa lugha zile nyingine huenda yakatoka kwa hii.

Ulipoleta habari ya kazi, ulikuwa umekimbia kutoka barabarani mpaka ukawa unahema. Ulisema utakuwa unaandaa mafunzo ya afya ya akina mama, mtu ayapate kwenye simu, redioni, kwenye tovuti na kwenye karatasi za kubandika zahanati. Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikuuliza, "Mji gani?" Ukasema, "Mahajanga." Nikauliza tena kana kwamba sikusikia. "Mahajanga, Mama." Nikaingia jikoni kukuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Najua ulimfuata Koko ukamwuliza nina nini na Mahajanga, naye akakuambia umwulize mwenye midomo yake. Hukuniuliza. Ulinihurumia, nadhani. Basi leo nakujibu bila kuulizwa.

Nilizaliwa Mahajanga, na Koko alizaliwa huko kabla yangu. Kwetu Ngazidja, kule Komoro, palikuwa mahali pa kusimuliwa na wazee tu. Babu yako, ambaye wewe umemjua kwa picha, alikuwa mwoka mikate. Nguo zake zilinukia hamira hata siku ya Idi. Nilipokuwa sijafikisha miaka minane, katikati ya miaka ile ya sabini, zikaja siku mbaya. Watu wenye asili ya Ngazidja walianza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Sitakuandikia niliyoyaona. Kwanza sikuona mengi, na utajua baadaye kwa nini. Tuliookoka tulikusanywa kwenye uwanja uliolindwa na askari, tukangoja meli ya kututoa.

Babu yako hakuwa nasi. Siku ghasia zilipoanza alikuwa amekwenda Belobaka, nje ya mji, kununua kuni za tanuri. Kule alipata mtu wa kumficha. Aliposikia kwamba tumo uwanjani na meli inakaribia, alimtuma utingo wa lori mmoja. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Mwambie mke wangu nimebaki Belobaka, nipo salama, atangulie na mtoto, nitawafuata."

Utingo yule alikuwa mwaminifu. Alifika mpaka getini, lakini hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo akamwambia askari. Askari alikuwa na watu mia wa kuwajibu, akampigia kelele mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji bombani. Mwanamke yule akaja mbio na ndoo yake, akamshika Koko bega, akasema, "Pole dada. Mumeo amebaki Belobaka."

Na kubaki, siku zile, kulikuwa na maana moja tu.

Koko hakulia palepale. Alinivuta akanipakata. Tulipofika Moroni, huko Ngazidja, nyumbani kwa binamu zake ambao hakuwahi kuwaona, alioga, akavaa nguo za eda, akakaa. Katika kukimbia kwetu alikuwa ameokoa kifurushi kimoja, na ndani yake mlikuwa na kanzu nzuri ya babu yako, ile ya Idi. Akaitoa sadaka.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia barazani, nikasikia hodi. Alisimama mtu mwembamba, ndevu zimemjaa, ndala mguu mmoja rangi hii na mwingine rangi ile. Sikumtambua mpaka aliposema jina langu. Nikapiga ukelele. Koko akatoka ndani amejitanda mavazi yake ya msiba. Babu yako akamwangalia juu mpaka chini, uso ukamshuka.

Akamwuliza, "Nani amekufa?"

Koko akasema, "Wewe."

Halafu Koko akakaa chini pale pale kwenye udongo niliokuwa sijamaliza kuufagia. Ijumaa iliyofuata babu yako alikwenda msikitini akiwa na shati la kuazima, akamwona mzee mmoja safu ya mbele amevaa kanzu yake. Hakumwambia kitu. Alirudi akicheka mpaka machozi, akasema, "Nimejisalia jeneza leo, tena nyuma yangu mwenyewe."

Kisa hicho umekisikia, lakini umekisikia kama kichekesho, kwa sababu ndivyo Koko anavyopenda kukisimulia. Sikuwahi kukuambia kwamba baada ya siku ile Koko hakuacha kuamka kabla ya alfajiri na kumgusa babu yako mguu, kuhakikisha una joto. Alifanya hivyo miaka yote tuliyokaa Unguja kwa shangazi yangu, tulikohamia kutoka Moroni, mpaka siku mguu ule ulipokuwa baridi kweli.

Unguja ndiko nilikosomea, ndiko nilikopata Kiswahili hiki, na ndiko baba yako alikoniona, Mwantalaotra, yaani Mwislamu wa pwani, wa Nosy Be aliyekuja kuuza mafuta ya langilangi akaondoka na mke. Nikarudi Madagaska kwa mlango mwingine. Nilimwambia baba yako sharti moja tu: tukae popote, isiwe Mahajanga. Mungu amrehemu, hakuniuliza kwa nini. Na alipokufa nikamleta Koko tukae pamoja.

Sasa nije kwenye kazi, kwa kuwa kazi yako na yangu ni ndugu.

Unakumbuka ofisi ya chama cha wenye boti pale bandarini Hell-Ville. Nilipoanza, kazi ya kutangaza safari ilikuwa ya chaki na ubao. Boti kwenda Antsahampano, ng'ambo bara, inaondoka saa fulani, maji yakipwa itachelewa, basi. Ubao ulikuwa na adabu yake: nafasi ilikuwa ndogo, hukuweza kuropoka. Kisha redio ya hapa mjini ikatupa dakika zake za asubuhi. Kisha kila mtu akawa na simu, mwenyekiti akataka tutume ujumbe. Kisha watalii wanaolala kisiwani Nosy Sakatia wakawa wanauliza kwa nini hatuna tovuti, tukawa nayo. Nami nilijiona hodari. Nilikuwa naketi naandika tangazo moja refu, la Kifaransa kizuri, lina salamu na heshima zote, halafu nalipeleka kila mahali vilevile lilivyo.

Tahiry, mtangazaji wa redio, alinilalamikia mapema. Alikuja ofisini na karatasi yangu mkononi. "Bweni Mariama," akasema, kwa ile heshima ya kumwita mama mtu mzima, "umeniandikia hapa, 'kwa maelezo zaidi bonyeza hapa.' Msikilizaji wangu abonyeze wapi? Abonyeze redio?" Nilicheka naye, nikamwambia aruke sentensi hiyo. Akaondoka. Nikaendelea kufanya vilevile. Angekuwa amenigombeza labda ningesikia. Lakini alikuwa mpole, na mimi upole wa mtu huwa naufanya ruhusa.

Siku ile ya upepo ulikuwa shuleni. Koko alikuwa amevuka kwenda Ambanja kwenye arusi, akawa anarudi. Asubuhi bahari ilianza kuchafuka, mwenyekiti akasimamisha safari ya alasiri. Nikaketi nikaandika, kama kawaida yangu: "Chama cha wenye boti kinawasalimu abiria wake wapendwa na kinawajulisha, kwa heshima na taadhima, kuwa safari ya alasiri ya leo kutoka Antsahampano kwenda Hell-Ville imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Tafadhali msije gatini." Nikatuma. Nikanywa chai.

Simu za vitufe za wakati ule zilikuwa zikikata ujumbe mrefu vipande viwili, na kipande cha pili kilikuja kikipenda. Koko alipokea salamu, heshima, taadhima, na safari ya alasiri ya leo kutoka Antsahampano kwenda Hell-Ville. Akaishia hapo. Binti mmoja akamsomea, akamwambia, "Bibi, wanathibitisha safari." Wakapanda gari wakateremka gatini, yeye na wengine waliopata nusu hiyohiyo.

Boti zetu hazikuwapo, kwa sababu zilijua. Alikuwapo mtu mwingine na chombo chake, si mwanachama. Aliona watu wamejaa na mizigo yao, akasema yeye anaweza. Mbele kidogo injini ikazima. Mawimbi yakawazungusha, yakawarudisha, yakawatupa kwenye mikoko. Mwanamume mmoja alivunjika mkono. Waliobaki walisimama kwenye matope, maji kiunoni, wakishikana na kushika mizizi, wakiita. Hapo ndipo simu ya Koko, iliyokuwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni shingoni mwake, ikalia. Binti yule akaifungua, akasoma: "imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Tafadhali msije gatini."

Koko anasema watu walicheka. Nimewauliza wengine waliokuwapo. Wanasema ni yeye peke yake aliyecheka.

Watu wa pantoni waliwasikia wakawatoa kabla jua halijazama. Sote wawili tulikwenda hospitali ya Ambanja kesho yake bahari ilipotulia, unakumbuka jinsi ulivyokataa kuniachia mkono. Koko alikuwa kitandani, kifua kinamkorota. Nilipiga magoti nikaanza kusema maneno mengi. Akanizuia kwa kiganja.

"Mariama, mara ya kwanza nusu ya habari ilinifanya mjane," akasema. "Hii ya pili ilitaka kukufanya wewe yatima. Ya tatu sitaingoja. Katengeneze."

Aliomba uji.

Watu wanadhani mimi ndiye niliyetengeneza. Mwenyekiti alinisifu mbele ya wote, nami sikumkatiza. Lakini wewe unajua tulikuwa watatu kwenye meza yetu ya jikoni: mimi, Tahiry, na wewe uliyekuwa na sare ya shule bado. Nilikuwa nimeandika tangazo langu upya, fupi zaidi, naliona zuri. Wewe ukalisoma ukasema, "Mama, hii bado ni pilau. Ukishapika pilau huwezi kumpa mtu mchele peke yake na mwingine nyama peke yake. Si uweke kila kitu kwenye bakuli lake?"

Tahiry akasema, "Mimi nipe mabakuli yote. Nina dakika nzima ya kusema."

"Na simu?" nikauliza.

Ukajibu, "Simu inakula mabakuli mawili tu: ipo au haipo, na safari ipi."

Ndivyo tulivyoanza. Tulichora jedwali, baadaye kijana wa tovuti akalitia kwenye kompyuta ya ofisi. Hali ya safari peke yake. Toka wapi peke yake, kwenda wapi peke yake, saa, sababu, na abiria afanye nini. Salamu nazo tukazipa bakuli lake. Nikibadilisha saa mara moja, inabadilika kila mahali, na kila mahali panachukua kinachopatosha. Simu ilianza na neno moja kubwa: HAKUNA, au IPO. Redio ilipata salamu zote, kwa sauti ya Tahiry zilipendeza. Mgeni wa Sakatia alisoma kwa lugha yake, na akaambiwa pia alale wapi kama amekwama. Ubao wa bandarini tuliuacha na chaki yake, kwa sababu wako watu hawaamini kitu mpaka kimeandikwa na mkono.

Mwenyekiti alikasirika mwanzoni. "Tunawatumia wateja neno HAKUNA bila hata salamu? Watatuona washenzi."

Nikamwambia, "Watatuona wakiwa hai."

Nakiri nililipenda jibu hilo kupita kiasi. Nimelirudia kwenye mikutano mingi. Lakini nilipokuwa nalirudia nilikuwa nimeanza kuelewa kitu kingine, nacho hakikunifurahisha. Mkato haukuwa wa simu peke yake. Kuna mambo ambayo mimi nimeyakata kwa mkono wangu, kwa kuwa yaliniuma kuyabeba yote. Ulipokuwa na miaka kumi ulikuja kutoka chuo cha Kurani ukaniuliza kwa nini hatuna ndugu Mahajanga na wenzako wanao. Nikakujibu, "Walitufukuza." Neno moja. Ukaenda nalo ukacheza nalo, ukakua nalo. Wiki kadhaa zilizopita nilikusikia ukimwambia Koko kwamba unaogopa kwenda kukaa na watu waliotufukuza. Nilisimama mlangoni na sahani mkononi, nikasikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako.

Zalifa, habari nzima ni hii.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mwanamke aliyeitwa Mama Voahangy. Hakuwa Mngazija wala Mwislamu. Alifuga nguruwe, na babu yako alikuwa amegombana naye mara nyingi kwa sababu ya wale nguruwe kuvunja uzio. Walikuwa hawasalimiani. Siku ile, kelele zilipofika kwenye mtaa wetu, ni yeye aliyepita kwenye uzio uliovunjika, akamshika Koko mkono bila kusema neno, akatuingiza kwake. Alituficha chumba cha nyuma, nyuma ya magunia ya mchele. Watu walipofika mlangoni kwake walimwuliza wako wapi. Nilisikia sauti yake waziwazi. Alisema, "Hapa wapo nguruwe wangu. Mnataka kuingia kuwahesabu?" Wakaondoka. Ndiyo sababu sikuona mengi, mwanangu. Yeye alisimama mbele ya yale ambayo ningeyaona.

Na mtu aliyemficha babu yako kule Belobaka ni kaka yake Mama Voahangy. Babu yako alikwenda kwake kununua kuni kwa sababu ndiye aliyekuwa na kuni nzuri, ugomvi wa nguruwe au la. Walikula sahani moja mpaka njia zikafunguka.

Kwa nini sikukuambia? Nimejiuliza. Nadhani chuki ni rahisi kuibeba kuliko deni la aina hii. Mtu aliyenifukuza sikuwa na haja ya kumtafuta. Aliyeniokoa nilipaswa kumtafuta, na kila mwaka uliopita uliniongezea aibu ya kutokwenda. Koko alinikumbusha kwa muda mrefu, kisha akaacha.

Ulipopata kazi nikamwendea Tahiry. Nilimwambia kila kitu, akaniacha nimalize, halafu akampigia mwenzake wa redio moja ya Mahajanga. Safari hii tangazo sikuliandika mimi. Nilimpa mabakuli: jina la mtaa, jina la mama, kwamba alikuwa akifuga nguruwe, kwamba mke wa mwoka mikate na binti yake wapo hai na wanamtafuta. Likasomwa asubuhi, baada ya habari za vifo.

Jumatano ulipokuwa umekwenda kununua begi, simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, ya mtu mzima. Akasema, "Ninaitwa Voahangy. Mama alikwisha kufa, ni miaka mingi sasa. Mimi nipo nyumba ileile." Akasema, "Wewe ndiwe yule mtoto aliyekuwa akilia nyuma ya magunia? Ulikuwa hulilii watu. Ulikuwa unalilia kiatu kimoja kilichobaki kwenu. Mama alikuziba mdomo kwa kipande cha muhogo."

Nilikuwa nimesahau kiatu. Nilikuwa nimesahau muhogo. Palepale nikaisikia ladha yake.

Nikamwambia nina binti, anakuja Mahajanga kufanya kazi, hana mtu. Nilianza kujieleza, kuomba radhi kwa miaka yote, kwa Kisakalava changu chenye heshima zote, maneno yanakanyagana. Akanikatiza kama mama yake alivyozoea kuwakatiza watu, nadhani.

"Anakula muhogo?" akauliza.

"Anakula," nikasema.

"Basi aje. Chumba cha nyuma hakina mtu."

Namba yake nimeiweka kwenye simu yako tayari. Nimezungumza naye tena leo asubuhi. Atakupokea mwenyewe stendi. Koko ametoa kitambaa cha hariri, kile alichokuwa akikuwekea kwa arusi yako, anataka umpelekee Voahangy. Usimbishie.

Nami likizo yangu ikifika nitakuja. Nimekwisha kumwambia Voahangy. Hiki ndicho nilichotaka ukijue kabla hujarudi kukunja nguo: kwamba mama yako, ambaye hakutaka kusikia jina la mji ule, amekata tiketi.

Mungu akutangulie, mwanangu, na akukute salama.

Mama